Je, Bidii ya Aliyeshindwa Hupotea?

Siku moja nalikuwa nikirudi Nachingwea kutoka Ruangwa pamoja na vijana wetu waliokwenda kutazama mpira wa miguu. Timu waipendayo, Namungo, ilikuwa imefungwa jioni ile. Garini walikaa kimya muda mrefu, kisha mmoja wao, kijana mwenye fikira, naye ndiye mlinda mlango wa timu yetu ndogo, akaniuliza: "Mwalimu, watu wale hufanya mazoezi asubuhi na jioni. Hukimbia hata kutapika. Nao wamefungwa. Basi jasho lile limekwenda wapi?"

Nikamjibu neno jepesi, kama tulivyozoea sisi watu wazima, ya kwamba bidii haipotei. Akanyamaza kwa adabu, lakini nilimwona hakuridhika. Wala mimi sikuridhika. Tangu siku ile swali lake limenifuata shambani na nyumbani, na leo nataka kulifikiri mbele yenu.

Maana lile jibu tulilozoea si kweli kama tulisemavyo. Bidii hupotea, tena mara nyingi. Mtu aweza kulima mwaka mzima mahali pasipofaa, na siku ya mavuno hana cha kuweka ghalani. Tukiwaambia vijana ya kuwa kila jasho lina malipo yake, siku moja wataona ya kuwa tuliwadanganya, na baada ya hapo hawatatusikiliza hata katika mambo ya kweli. Afadhali tuulize hivi: bidii ya namna gani hupotea, na ya namna gani hubaki hata mwenye bidii akishindwa?

Na tuanze na hao Namungo, kwa sababu habari zao zajulikana na watu wote wa wilaya zetu mbili. Ruangwa si mji mkubwa. Watu wake wengi ni wakulima wa korosho na ufuta, kama sisi wa Nachingwea. Mwaka wa 2019 timu yao ilipanda Ligi Kuu ya Tanzania kwa mara ya kwanza. Msimu ule wa 2019/2020 zilikuwamo timu 20, na kila moja ilipaswa kucheza michezo 38. Tena katikati ya msimu ugonjwa wa korona ulisimamisha kila kitu tangu Machi hata Juni. Wengi walidhani wageni hawa watarudi walikotoka mwaka ule ule. Lakini msimu ulipokwisha walikuwa wa nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Tarehe 8 Julai 2020 Simba, waliokwisha kuupata ubingwa, walikuja Ruangwa katika Uwanja wa Majaliwa, na mchezo ukaisha pasipo goli. Kombe la ubingwa wakakabidhiwa pale pale. Basi watu wa Ruangwa waliona kwa macho yao mabingwa wakishangilia katika uwanja wao, hali wamezuiwa kufunga hata goli moja. Sijui kama kuna somo jema kuliko hilo kwa mtoto aliyekaa juu ya mkorosho akitazama.

Mwezi uliofuata, tarehe 2 Agosti, timu hizo mbili zikakutana tena huko Sumbawanga katika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini. Simba wakashinda kwa magoli 2 kwa 1. Na kwa kuwa Simba, kwa ubingwa wao, walikwisha kuwa na nafasi katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika, nafasi ya kwenda Kombe la Shirikisho la Afrika ikawaangukia Namungo. Tazameni jambo hili: waliifikia Afrika siku waliyofungwa.

Huko wakawatoa Al Rabita wa Sudani Kusini, na Al Hilal ya Obeid katika Sudani. Kisha wakapangiwa Primeiro de Agosto wa Angola. Walipofika Luanda mwezi wa Februari 2021 wakazuiwa kwa habari ya vipimo vya korona, wala mchezo haukuchezwa; ikaamriwa michezo yote miwili ichezwe Dar es Salaam. Wa kwanza wakashinda 6 kwa 2, wa pili wakafungwa 3 kwa 1, na kwa jumla ya 7 kwa 5 wakaingia katika makundi. Timu iliyokuwa na msimu mmoja tu katika ligi kuu ya nchi yake!

Na huko katika makundi, je, yalitokea nini? Walikutana na Raja wa Casablanca, Pyramids wa Misri na Nkana wa Zambia. Walicheza michezo sita. Walifungwa yote sita, wala hawakupata goli hata moja.

Hapa ndipo swali la yule kijana linapouma. Ningeweza kuifupisha hadithi hii niishie katika ule ushindi wa 7 kwa 5, na wasomaji wote wangefurahi. Lakini isingekuwa hadithi nzima. Watu walipanda ngazi baada ya ngazi kwa juhudi, na juu ya ngazi wakakuta wanapigwa kila siku. Je, wangalibaki chini wasingaliona haya hii?

Mimi naona jambo moja ambalo hatulisemi tunapowahimiza watoto. Aendeleaye katika mashindano huongezewa wapinzani wakubwa kuliko wale wa kwanza. Ndiyo mshahara wake. Mtoto awashindaye wenzake wa darasa hupelekwa kucheza na mji mwingine. Akiwashinda hao, apelekwa mkoani. Na hivyo hivyo mpaka afike mahali asipoweza. Basi kila mwenye kuendelea kwa kweli lazima afike siku moja mahali pa kushindwa, na asiyefika huko labda hakutoka kwao. Hao Raja waliowafunga ndio waliolitwaa kombe lile mwaka ule wa 2021. Kufungwa na mtu kama huyo ni kupimwa kwa kipimo kilicho sahihi, ingawa chauma.

Lakini liko jambo la pili, nalo ni gumu kulitambua. Misimu iliyofuata Namungo hawakuipata tena ile nafasi ya nne. Mwaka wa 2021 waliipata Biashara United wa Musoma. Mwaka wa 2022 Geita Gold. Baada yao watu wa Singida, kisha Coastal Union ya Tanga. Nimesikia watu barazani wakisema, "Namungo wamelegea, hawana bidii ya kwanza." Labda ni kweli, labda si kweli, mimi siwezi kuuona moyo wa mchezaji. Ila tazameni waliopita mbele yao. Biashara United, waliokuwa wa nne mwaka wa 2021, mwaka uliofuata walishuka daraja. Geita Gold, waliokuwa wa nne mwaka wa 2022, walishuka mwaka wa 2024. Pamoja nao ikashuka Mtibwa Sugar, ambayo zamani, mwaka wa 1999 na wa 2000, ilikuwa bingwa wa nchi nzima. Nayo ikapanda tena mwaka wa 2025. Namungo muda huo wote, hata mwisho wa msimu wa 2024/2025, hawakushuka.

Mtu apandaye mto Ruvuma kwa mtumbwi wakati wa masika hupiga kafi kwa nguvu zake zote, na akitazama mti ulioko ukingoni aona ya kuwa bado yu karibu na mti ule ule. Aweza kukata tamaa akasema, "Nafanya kazi bure." Lakini na aache kupiga kafi kwa kitambo kidogo, ndipo atakapoujua mto. Katika mashindano hali ni hiyo, kwa sababu wenzako nao hawalali. Wao pia wana walimu, wana mazoezi, wanasajili wachezaji wapya. Ukiongeza nguvu yako kwa kiasi walichoongeza wao, utabaki pale pale, na hakuna atakayekusifu. Kubaki pale pale kumekula jasho lingi. Wapo akina mama wengi, na walimu wa shule za vijijini, waijuao kazi ya namna hii pasipo kucheza mpira hata siku moja.

Nisije nikasifu kila bidii. Nilisema bidii hupotea, na sisi watu wa Nachingwea hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wake. Mwaka wa 1947 serikali ya Uingereza, kwa shida ya mafuta ya kula baada ya vita, ilianza kazi kubwa ya kufyeka mapori ya Tanganyika ili kupanda karanga, huko Kongwa, na Urambo, na hapa kwetu Nachingwea. Shabaha yao ilikuwa ekari milioni tatu na robo. Matrekta yakaletwa mengi, bandari ikajengwa Mtwara, na reli ikatandazwa kutoka pwani hata Nachingwea. Wala asiwepo wa kusema ya kuwa watu wale walikuwa wavivu. Walifanya kazi usiku na mchana. Lakini hawakuanza kwa shamba dogo la kujaribia, wala hawakungoja misimu kadha ili waone mvua na udongo vinasemaje. Huko Kongwa ardhi ilipokauka ikawa ngumu hata karanga haziwezi kung'olewa. Kazi ilipokwenda vibaya waliongeza mashine na kuzidisha haraka. Mwezi wa Januari 1951 ikatangazwa ya kuwa mpango umeachwa, na paundi milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Reli nayo baadaye iking'olewa, ikabaki habari ya wazee tu.

Hiyo ndiyo bidii inayopotea: bidii isiyoulizwa, wala isiyokubali kujibiwa. Nguvu yake ni nyingi, masikio haina.

Karanga zenyewe hazikuwa na kosa. Miaka mingi baadaye wataalamu wa kilimo wa Naliendele, karibu na Mtwara, walishika njia nyingine, ya polepole. Kazi ya namna ile ni kupanda mbegu nyingi katika vishamba vidogo, kutazama ipi inastahimili ugonjwa na ukame, kutupa zilizoshindwa, kupanda tena zilizobaki, na mwaka ujao kufanya vile vile. Mwaka wa 1998 ikatolewa mbegu iitwayo Pendo, nayo imependwa na wakulima wengi. Mwaka wa 2009 zikatolewa nyingine, na moja ya hizo ikapewa jina la mji wetu, Nachingwea. Katika kazi ile mbegu nyingi sana zilishindwa, na kila iliyoshindwa ilimfundisha mtu jambo. Matrekta yale yalishindwa mara moja tu, lakini kwa namna ambayo haikumfundisha dereva kitu.

Sasa na turudi uwanjani. Timu ikifungwa, tazama inafanya nini kesho yake; hapo utajua bidii yake ni ya namna gani. Wapo wasemao, "Mwamuzi alituonea." Huenda alikosea, maana waamuzi ni watu. Wapo wasemao, "Tumelogwa." Jambo hili la pili si mzaha katika nchi yetu: Bodi ya Ligi imezitoza timu faini mara nyingi kwa kuacha mlango wa halali na kuingia uwanjani kwa njia nyingine, kwa imani za ushirikina. Mimi sisemi hapa habari za uganga peke yake. Nasema ya kuwa mtu akiisha kuamini ya kwamba goli lilitoka kwa mchawi, hana haja tena ya kuuliza kwa nini beki wa kushoto hakurudi kwa wakati. Amejifungia mlango wa kujifunza. Na amwekaye mwamuzi mahali pa mchawi amefanya jambo lile lile kwa nguo safi zaidi.

Labda baadhi ya wasomaji wataniuliza kama inafaa kabisa kutaka kumshinda jirani. Wazee wetu waliona katika miji ya pwani jinsi ngoma za Beni, Marini na Arinoti, zilivyoshindana kwa mavazi na karamu, hata watu wakaingia katika madeni ili wenzao waaibike. Hofu hiyo si ya upuuzi. Walakini Mtume Paulo hakuona haya kuutwaa mfano wa wakimbiao katika mashindano, naye aliwaandikia watu wa Korintho, waliokuwa na michezo mikubwa karibu na mji wao. Nionavyo mimi, ubaya hauko katika kutaka kushinda. Aingiaye uwanjani akacheza kwa ulegevu ili asimuumize rafiki yake amemnyima rafiki yule kitu alichokuja kukitafuta, maana mtu hawezi kuujua udhaifu wake pasipo mpinzani mwenye kujitahidi. Ubaya huingia pale mtu anapotamani mwenzake awe dhaifu. Mtu wa namna hiyo hufurahi akisikia ya kuwa mshambuliaji wa upande wa pili ameugua. Jipimeni kwa habari hiyo. Mimi nimejipima, na sikutoka safi.

Tena kuna jambo la timu, ambalo mkimbiaji wa peke yake halijui. Wachezaji kumi na mmoja huingia, wengine hukaa benchi, na wengine hawaitwi kabisa ijapokuwa wamefanya mazoezi yale yale. Kijana aweza kuendelea sana mwaka mzima asionekane na mtu, kwa kuwa aliye mbele yake ameendelea pia. Nilipokuwa kijana, katika timu moja niliyoichezea, nilikaa benchi msimu mzima, na mwalimu wa timu hakunieleza sababu. Nalimchukia, nami sikumfunulia neno lolote. Leo nafahamu ya kuwa yule niliyetaka mahali pake alikuwa hodari kuliko mimi, na ya kuwa alikuwa hodari kwa sehemu kwa sababu kila jioni ilimbidi anipite mimi katika mazoezi. Jasho langu liliingia katika miguu yake. Sikupenda liingie huko. Lakini haliwezi kuitwa jasho lililopotea, na siku timu ile iliposhinda nilikuwa na sehemu yangu, ingawa hakuna aliyeitaja. Sisemi ya kuwa hii yatosha kumfariji kijana wa miaka 18. Haikunifariji mimi.

Nirudi kwa yule mlinda mlango wetu aliyeniuliza swali garini. Wiki chache baada ya safari ile tulicheza na vijana wa kijiji cha jirani, naye akafungwa magoli mawili, yote mawili kwa mpira wa chini upande wake wa kulia, yote mawili na kijana yule yule. Wenzake walisema ni mchanga wa uwanja uliopotosha mpira. Uwanja wetu kweli ni wa mchanga, na yeye angeweza kuikubali sababu ile, maana ilikuwa ya heshima. Hakuikubali. Mchezo ulipokwisha, wenzake wakavua viatu waende kunywa maji, yeye akamfuata yule aliyemfunga. Nilidhani wataka kugombana, nikaanza kwenda upesi. Nikamsikia akisema, "Ndugu yangu, kabla hujaondoka, nipigie tena kutoka pale pale."

Yule mwingine akacheka, akadhani anataniwa. Alipoona si mzaha akauweka mpira, akampigia. Goli. Akampigia tena. Goli. Walipiga hata jua likazama, na gari la wageni likawa linapiga honi, na mara ya mwisho niliyoihesabu alikuwa ameanza kuudaka mmoja katika mitatu. Yule mshambuliaji mwenyewe akamwonyesha ya kuwa hutanguliza mguu wa kushoto kabla mpira haujapigwa, na kwamba yeye huungoja mguu ule ndipo apige upande wa pili. Fikirini: alimpa mpinzani siri yake bure, jioni ile ile aliyomfunga.

Mwezi uliofuata tulikwenda kwao kucheza nao mara ya pili. Mpira wa chini upande wa kulia aliudaka, tena mara mbili. Kisha wakamfunga kwa mpira wa juu, upande wa kushoto, na tukarudi nyumbani tumefungwa 1 kwa 0. Garini sikumwambia neno. Nilikuwa nimejifunza kutojibu upesi. Tulipokaribia Nachingwea akaniuliza kama namjua kijana ye yote hapa mjini apigaye mipira ya juu kwa mguu wa kushoto.